Rafu ya Pepe na machela ya Alves: kadi nyekundu ilistahiki?

Muulizaji, Kikwajuni, Unguja

Assalaamu alaykum, waungwana. Naleta swali ambalo maskani yetu imeshindwa kulimaliza tangu mwaka 2011, na ambalo hufufuka kila Barcelona na Real Madrid zinapokutana. Naomba wenye ujuzi wa sheria za soka watusaidie, na naomba wajibu kwa adabu, kwa sababu miongoni mwetu wapo waliofikia kununiana kwa jambo lililotokea Uhispania.

Mechi yenyewe ni nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, tarehe 27 Aprili 2011, katika uwanja wa Santiago Bernabéu. Kwetu ilianza saa 3:45 usiku. Ilikuwa ya tatu kati ya mechi nne zilizochezwa ndani ya siku 18: tarehe 16 walitoka sare ya 1–1 katika ligi, tarehe 20 Madrid wakatwaa Kombe la Mfalme kwa bao la Cristiano Ronaldo katika muda wa nyongeza, na kwa hiyo siku hiyo ya tatu damu zilikuwa zimekwisha chemka. Dakika ya 61, matokeo yakiwa bado 0–0, Pepe wa Madrid aliinua mguu juu huku njumu zikimwelekea Dani Alves wa Barcelona, wote wawili wakiufuata mpira mmoja. Alves alianguka, akajigaragaza, akatolewa kwa machela, na muda si mrefu akarejea uwanjani akiwa mzima. Refa Wolfgang Stark wa Ujerumani alimtoa Pepe kwa kadi nyekundu, José Mourinho, kocha wa Madrid, akalalamika mpaka naye akaondoshwa kwenye benchi, kisha Lionel Messi wa Barcelona akafunga mabao mawili, dakika ya 76 na ya 87.

Wenzetu wa Madrid wanashikilia kuwa Alves hakuguswa, au aliguswa kidogo tu, na kwamba aliyerudi kutoka kwenye machela anakimbia amekwisha jitolea ushahidi mwenyewe. Wa Barcelona wanasema mguu ule ungeweza kumvunja mtu. Swali langu ni hili: ikiwa Alves alitia chumvi, je, kadi ya Pepe inabatilika?

Nina sababu ya kuuliza zaidi ya ushabiki. Nasimamia timu ya vijana wa miaka 13 hadi 15, na mahasimu wetu wako mtaa wa pili, ambako nusu ya wachezaji wao ni binamu za wachezaji wangu. Mechi zetu za karibuni zimejaa vijana wanaoanguka bila ya kuguswa na kumzonga refa, na wazee waliosimama pembeni ya uwanja wanawapigia makofi. Nataka niwaeleze jambo lenye msingi, wasiseme kuwa mwalimu anasema hivyo kwa kuwa yeye ni wa timu fulani.

Mwamuzi mstaafu, Wete, Pemba

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Umeuliza vyema, na jibu la sheria ni jepesi kuliko mabishano yenu. Hayo ni makosa mawili tofauti ya watu wawili tofauti, na hakuna moja linalofuta jingine.

Sheria ya 12 ya soka, inayohusu rafu na utovu wa nidhamu, haimwambii refa apime maumivu ya aliyeanguka. Inamtaka apime kitendo cha aliyemwendea mwenzake. Kama amecheza kwa uzembe, ni faulo bila ya kadi. Kama hakujali hatari anayomletea mwenzake, ni kadi ya njano. Na kama ametumia nguvu iliyopitiliza au amehatarisha usalama wa mwenzake, ni nyekundu. Zaidi ya hayo, sheria inataja kumpiga mtu teke na kujaribu kumpiga teke kwa pamoja, maana yake mguu uliomkosa mtu kwa upana wa kidole unaweza kuadhibiwa vilevile. Kwa hiyo mkikaa na kuirudisha ile picha mara mia mkitafuta kama njumu ziligusa goti, mnatafuta kitu ambacho refa hakukihitaji. Alichokihitaji ni kujua mguu ulipanda kiasi gani, uliendaje, na ulielekea wapi.

Sasa Alves. Kujifanya umeumia, au kujifanya umechezewa rafu, ni utovu wa uungwana unaostahiki kadi ya njano chini ya sheria hiyohiyo. Refa anaweza kumpa nyekundu aliyecheza rafu na njano aliyeikuza, katika tukio moja. Hufanyika kwa nadra, kwa sababu mtu aliyeponea chupuchupu huanguka kwa khofu tu, na refa muadilifu hapendi kumwadhibu mtu kwa kuogopa. Kuhusu machela, msiifanye hoja kubwa. Kwa kawaida mchezaji aliyetibiwa lazima atoke nje kisha asubiri ishara ya refa ndipo arudi, na wengi hutolewa kwa machela ili mchezo uendelee.

Mimi binafsi naona nyekundu ile ilikuwa ndani ya mamlaka ya refa, na naona njano ingekuwa na utetezi pia. Hapo ndipo penye mjadala wa haki, na hauhusiani kabisa na kujigaragaza kwa Alves.

Niongeze jambo litakalowafaa vijana wako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walichunguza namna wachezaji wanavyoanguka, na wakaeleza umbo moja la udanganyifu: mikono yote miwili inapanda juu ya kichwa, kifua kinatoka mbele, na miguu inakunjwa nyuma kwenye magoti. Mtu anayeanguka kweli hafanyi hivyo, kwa sababu mwili wake unataka kujilinda, na mikono inateremka kuipokea ardhi. Nimeyaona hayo kwa macho yangu uwanjani Gombani kabla ya kuyasikia kutoka kwa mtafiti yeyote. Waambie vijana kuwa refa anaitazama mikono yao.

Shabiki wa Madrid, Chake Chake

Nimemsoma Mzee wetu wa Wete kwa heshima, na sheria siipingi. Lakini naomba suala hili lisiishie kwenye kifungu cha sheria, kwa sababu dhulma tuliyoiona sisi haikuwa ya mguu mmoja. Tuliona wachezaji wa Barcelona wakimzunguka refa kabla hajatia mkono mfukoni. Mwaka mmoja kabla, tarehe 28 Aprili 2010, tulimwona Sergio Busquets akianguka ameshika uso mbele ya Thiago Motta wa Inter, kisha akafungua vidole na kuchungulia, na Motta akatoka kwa nyekundu. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa mwaka uliofuata amtazame Alves kwa moyo mweupe. Kisha katika marudiano ya tarehe 3 Mei, Gonzalo Higuaín wa Madrid alifunga na bao likakataliwa, kwa madai kuwa Ronaldo alimwangukia Javier Mascherano, ilhali Ronaldo mwenyewe alikuwa amesukumwa na Gerard Piqué wa Barcelona. Ubao ulikuwa bado 0–0. Refa wa siku hiyo alikuwa Frank De Bleeckere, yuleyule aliyemtoa Motta.

Nakubali kwamba kocha wetu alivuka mpaka. Maneno yake baada ya mechi ya kwanza, ya kudai kuwa Barcelona wanabebwa, yalimletea adhabu ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, na klabu ilipowashtaki wachezaji wa Barcelona kwa udanganyifu, UEFA ilikataa. Agosti mwaka huohuo alimtia kidole cha jicho Tito Vilanova, kocha msaidizi wa Barcelona, na mimi, shabiki wa Madrid tangu utotoni, niliona haya. Lakini mtu anapolia kwamba ameonewa, aibu yake ya baadaye haithibitishi kuwa hakuonewa.

Na ukweli mwingine usiopendwa ni huu: mchezaji anayechezewa rafu akabaki amesimama hapewi kitu. Vijana wameligundua hilo peke yao. Marefa wakianza kumpa haki aliyesimama, wachache watahitaji kuanguka.

Muuguzi, Mwanakwerekwe, Unguja

Sina timu katika mgogoro huu. Huwa nasaidia huduma ya kwanza katika mechi za vijana, nikiwa na barafu, bendeji na machela ya kuazima, na ninalolijua ni upande wa kisanduku cha dawa.

Kila kijana anayejigaragaza bure ananifanya nichelewe kwa anayeumia kweli. Mara ya kwanza unakimbia. Ikifika mara ya nne katika mechi moja unatembea, na wachezaji wenzake wanaanza kumcheka aliye chini. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen alipoanguka mjini Copenhagen katika mechi ya Denmark na Finland, hakupiga kelele wala hakujigaragaza, na hapakuwa na mtu karibu wa kumlaumu. Moyo ulikuwa umesimama. Refa Anthony Taylor aliita matabibu papo hapo, na Eriksen yu hai. Ninawaomba walimu waweke mbele jambo hili kabla ya suala la kadi, kwa sababu kwenye viwanja vyetu vya mchanga msaada uko mbali, na dakika moja ya kudhani kuwa mtu anaigiza inaweza kuwa nzito sana.

Kocha wa vijana, Makunduchi

Mwalimu wa Kikwajuni, mimi nimepitia hayo yote, na nitakueleza ninachokifanya badala ya kurudi Bernabéu.

Ndugu yetu wa Chake amegusa kidonda chenyewe, yaani kumzonga refa. Katika Kombe la Mataifa ya Ulaya la 2024, UEFA iliagiza kuwa nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kumfuata refa kuuliza juu ya uamuzi, na mwengine yeyote atakayemwendea kwa kulalamika apewe njano. Nimeuchukua utaratibu huo nikautia katika mazoezi. Ninapochezesha mechi ya mazoezi, makusudi natoa uamuzi mbovu, kwa mfano naipa faulo timu iliyofanya kosa, na ninaangalia. Mwanzoni walinijia wote kama nyuki. Sasa nahodha anakuja peke yake, anauliza kwa sauti ya kawaida, anarudi kuwaeleza wenzake, na mpira unachezwa. Anayeanguka bila ya kuguswa namwachia alale hapohapo huku mchezo ukiendelea, na timu yake inacheza pungufu mpaka ainuke. Hawalali muda mrefu.

Kwa upande wa mifano, nawaonyesha iliyotoka kwa wahasimu wenyewe, maana vijana hawaamini uungwana wa mtu asiye na cha kupoteza. Tarehe 19 Novemba 2005 Ronaldinho alifunga mara mbili palepale Bernabéu, Barcelona wakashinda 3–0, na mashabiki wa Madrid wakasimama kumpigia makofi. Baada ya vurugu za Agosti 2011, Iker Casillas, nahodha wa Madrid, alimpigia simu Xavi Hernández wa Barcelona ili uhasama usiivunje timu ya taifa ya Uhispania waliyokuwa wakiichezea pamoja. Alilaumiwa na baadhi ya watu wa upande wake. Mwaka 2012 wote wawili walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias upande wa michezo.

Huwaonyesha pia Miroslav Klose, ambaye Septemba 2012, akiichezea Lazio dhidi ya Napoli, alimkiri refa kuwa bao lake limefungwa kwa mkono. Bao likafutwa, wachezaji wa Napoli wakampa mkono, na Lazio wakafungwa 3–0. Siwafichi matokeo hayo. Kijana akiniuliza kilichomfaidisha Klose, namjibu kwamba siku hiyo hakufaidika chochote kwenye ubao wa mabao, na kwamba ninamtaka afanye vivyo hivyo.

Wazee wa pembeni ndio kazi ngumu. Mimi niliwaita kabla ya mechi, wa timu zote mbili, nikawaomba jambo moja tu: wasimpigie makofi mtoto aliyeanguka mpaka refa apige filimbi. Baadhi walikasirika. Wengi walinyamaza, na kwangu hiyo ilitosha.

Muulizaji, Kikwajuni, Unguja

Nawashukuru nyote, na zaidi Mzee wa Wete, kwa sababu kutenganisha kosa la Pepe na la Alves kumetufungulia njia. Jana usiku niliwasomea jibu lake maskani. Wa Barcelona walifurahi mpaka nilipofika pale aliposema kuwa njano ingekuwa na utetezi, na wa Madrid wakaomba nirudie sentensi hiyo. Kuhusu bao la Higuaín, namuunga mkono ndugu wa Chake: hata wa Barcelona wawili katika kundi letu wanakubali kuwa lilikuwa halali.

Utaratibu wa nahodha nitaupeleka kwa mwalimu mwenzangu wa mtaa wa pili kabla ya mechi ya Jumamosi, ili tumwombe refa autumie kwa pande zote mbili. Nina swali moja dogo kwa Mzee. Nahodha wangu ni golikipa. Rafu ikichezwa kwenye goli la pili, akimbie uwanja mzima kwenda kuuliza?

Mwamuzi mstaafu, Wete, Pemba

Hapana, Mwalimu. Ikiwa nahodha ni golikipa, timu humteua mchezaji mmoja asiyekuwa golikipa atakayesema kwa niaba yake, na refa huarifiwa kabla ya mechi, wakati wa kurusha shilingi. Mteue kiungo, kwa kuwa yeye huwa karibu na matukio mengi, na mchague aliye mpole kwa tabia hata kama si mchezaji wako bora. Mwenzako wa mtaa wa pili naye ataje wake, na refa awaite wote wawili pamoja, awaeleze kwa sauti ambayo timu zote zitaisikia.