Manase alisamehewa au hakusamehewa?

Mtafuta_Njia: Wakuu naomba msaada hapa nimekwama. 2 Wafalme 24 inasema ufalme wa Yuda uliangamia kwa sababu ya mfalme wake Manase na damu aliyoijaza Yerusalemu, na Mungu akakataa kusamehe. Haya nenda 2 Nyakati 33, mfalme huyohuyo aliyewapitisha wanawe motoni anakamatwa na Waashuru, anapigwa pingu mpaka Babeli, huko akajinyenyekeza akaomba na Mungu akamrudisha kwenye ufalme wake. Sasa ipi ni ipi? Siulizi kwa ubishi, nina ndugu mgonjwa anaamini dhambi zake zimepitiliza, nataka nimsomee Nyakati ila akigusia Wafalme sijui nitamjibu nini.

Kibarua wa Shambani: Mkuu anza na Hesabu 14. Watu wanalia wanataka kurudi Misri, Musa anawaombea, Mungu anasema kabisa mstari wa 20 nimesamehe, halafu hapohapo anaapa waliohesabiwa wa miaka 20 kwenda juu hawaingii Kanaani isipokuwa Kalebu na Yoshua. Mfalme Daudi naye hivyohivyo, nabii Nathani anamwambia Bwana ameiondoa dhambi yako hutakufa, na mtoto wake akafa. Yaani msamaha unakuja na maumivu yanabaki, kwa hiyo Manase kusamehewa na mji kubomolewa baadaye sioni vinagombana wapi.

Mwl wa Jioni: Mi sikubali tuvipatanishe haraka hivyo. Wafalme hawataji toba ya Manase hata mstari mmoja! Nyakati iliandikwa kwa watu waliokwisharuhusiwa kutoka uhamishoni Babeli, hao walihitaji sana kusikia kwamba aliyepelekwa Babeli anaweza kurudi. Kila kitabu kina mzigo wake. Kinachonigusa mimi ni hiki, sadaka ya dhambi kwenye Walawi 4 ni ya aliyekosa bila kukusudia, na Hesabu 15:30 anayekosa kwa makusudi anakatiliwa mbali, sasa Manase angechinja nini? Alikuwa na maombi tu, tena yuko kifungoni, na yakapokelewa.

Mama Wawili: Ongezeni na 2 Nyakati 33:22, Amoni mwana wa Manase aliziabudu sanamu zilezile alizotengeneza baba yake. Toba ya mzee haikumrudisha kijana. Lakini ndugu yangu usimpeleke mgonjwa huko kote, anayekuuliza kama Mungu anampokea msomee Nyakati 33:12 na 13 polepole, kisha Zaburi 51, ile sala ya toba. Ya Wafalme akiyauliza mwambie ni hesabu ya mji na damu ya waliouawa, siyo mlango aliofungiwa yeye.