Kwa nini kaboni dioksidi ni gesi, ilhali silika ni mchanga?

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Habari za wakati huu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu. Naomba ufafanuzi wa jambo linalonitatiza katika mada ya bondi za kemikali. Kaboni na silikoni zimo katika kundi moja la jedwali radidia, kila moja ina elektroni nne katika ganda la nje, na oksidi zake huandikwa kwa fomula za sura moja, CO2 (kaboni dioksidi) na SiO2 (silika). Zote mbili zimejengwa kwa bondi za kovalenti, yaani atomi kuchangia elektroni. Hata hivyo, moja tunaitoa kwa kila pumzi, na nyingine ndiyo mchanga wa mtoni, ambao hauyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi. Niliambiwa kwamba sababu ni uimara wa bondi za silika. Nilipofungua jedwali la nishati za bondi nikakuta kinyume: bondi ya kaboni na oksijeni ndani ya CO2 ina takriban kilojuli 799 kwa moli, na ile ya silikoni na oksijeni takriban 452. Iweje chenye bondi imara zaidi ndicho kiwe gesi?

Mwalimu wa Kemia, Dodoma

Jedwali lako liko sahihi. Maelezo uliyopewa ndiyo yenye kasoro, na kwa bahati mbaya yameenea sana madarasani. Kabla ya kulinganisha namba hizo, jiulize kwanza ni kitu gani kinachoachana pale dutu inapoyeyuka au inapogeuka gesi.

Chukua barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa hugeuka moja kwa moja kuwa gesi kwenye nyuzi 78 hivi chini ya sifuri, bila kupitia hali ya kimiminika. Katika badiliko hilo hakuna hata bondi moja ya kaboni na oksijeni inayovunjika. Molekuli zilizokuwa zimepangana ndani ya barafu ndizo hizo hizo zinazoruka hewani zikiwa nzima. Kinachoshindwa ni kani dhaifu baina ya molekuli moja na jirani yake, kwa hiyo zile kilojuli 799 hazihusiki hapa.

Ndani ya kwatzi, ambayo ndiyo sura ya kawaida ya silika, hutapata molekuli hata ukiitafuta. Kila atomi ya silikoni imeshikwa na atomi nne za oksijeni, na kila oksijeni imeshika silikoni mbili, mtandao ukiendelea pande zote hadi ukingo wa punje. Kwa kuwa kila oksijeni inamilikiwa nusu kwa nusu na silikoni mbili, kila silikoni hupata nne mara nusu, yaani mbili. Hapo ndipo fomula SiO2 inapotoka: ni uwiano tu, wala haitaji molekuli yoyote. Ili mtandao huo uyeyuke, huna budi kuvunja bondi za kovalenti zenyewe, na kilojuli 452 zinatosha kabisa kudai joto kali.

Mhitimu wa Kemia

Naomba kuongezea pale alipoishia Mwalimu, kwa sababu bado hatujasema kwa nini kaboni ilichagua molekuli na silikoni ikachagua mtandao.

Kaboni ni atomi ndogo. Oksijeni huweza kuisogelea kiasi kwamba obiti zao za p, yaani maeneo yenye umbo la namba nane ambamo elektroni huwamo, zinakutana ubavu kwa ubavu na kufanya bondi maradufu (jozi mbili za elektroni) iliyo imara. Silikoni ina nusukipenyo karibu mara moja na nusu ya kile cha kaboni, hivyo obiti hizo hukutana kwa shida na bondi ya pili huwa legelege. Piga hesabu ya nishati inayotolewa bondi zinapoundwa uone; inapokuwa kubwa zaidi, dutu huwa imara zaidi. Kaboni ikifanya bondi maradufu mbili hupata takriban kilojuli 1,600. Ikifanya bondi nne za kawaida, yaani zisizo maradufu, za takriban 358 kila moja, hupata 1,430 tu. Kwa silikoni, bondi nne za kawaida hutoa karibu 1,800, na maradufu mbili, kwa makadirio ya 640 kila moja, hutoa 1,280. Kila elementi imefuata njia yenye faida kwake. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini tofauti ni kubwa kiasi cha kuaminika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe pia ndugu Mhitimu. Sasa, kwa kuwa tofauti ya kaboni ni 170 tu, je, CO2 inaweza kulazimishwa kuwa mtandao?

Mhitimu wa Kemia

Inaweza. Mwaka 1999 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani waliibana CO2 kwa kanieneo ya takriban gigapaskali 40, yaani kama mara 400,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, huku wakiipasha joto kwa leza. Walipata kigumu ambacho bondi zake ni za kawaida na hujipanga kwa mfano wa silika. Ukiiondolea kanieneo yote katika joto la kawaida hairidhiki kubaki hivyo, hurudi kuwa molekuli.

Msomaji wa Pwani

Tahadhari moja kwa mwuliza swali: umefanya vyema kutaja mchanga wa mtoni. Mchanga mweupe wa fukwe nyingi za Zanzibar na Mombasa kwa sehemu kubwa ni mabaki ya matumbawe na makombe, yaani kalisi kabonati, ambayo ni kampaundi ya ioni, yaani chembe zenye chaji zinazovutana. Udondoshee siki utaona mapovu, na gesi inayotoka ni hiyo hiyo CO2. Mchanga wa kwatzi hautajibu chochote. Wachoma chokaa wa mwambao wanaijua tabia yake nyingine. Jiwe la matumbawe likipata moto mkali tanurini haliyeyuki, bali ioni ya kabonati yenyewe huvunjika, CO2 ikaondoka na chokaa ikabaki, kiasi kwamba kila kilo 100 za kabonati safi huacha kilo 56 tu. Tofauti na barafu kavu ya Mwalimu, hapa bondi ya kaboni na oksijeni imevunjika kweli.