Sanje (Udzungwa) au Derema (Amani): twende wapi kuona maporomoko?

Tabasamu_Jioni
Wakuu, habari za leo. Tuna siku tatu za kutembea, tunataka maporomoko yaliyo ndani ya msitu hasa, siyo yale ya kushuka garini na kupiga picha. Tumechuja mpaka yamebaki mawili: Sanje kule Udzungwa (Morogoro) na Derema kule Amani (Tanga). Lipi linastahili safari? Kesho kutwa nalipia malazi.

Nyayo_Tatu
Mkuu, hapo huwezi kujibiwa. Mwezi gani? Mnatokea wapi? Wangapi, wa umri gani? Gari lenu au basi? Sanje ya Juni na Sanje ya Aprili ni njia mbili tofauti kabisa.

Mlima_Kwanza
Sanje. Maji yanashuka mita 170 kwa hatua tatu, na Udzungwa hamna barabara ndani ya hifadhi, ni miguu tu. Mnajiandikisha na kulipa makao makuu Mang'ula, kisha mnarudi kama kilomita 10 kaskazini hadi kituo cha Sanje, ndipo mnaanza kupanda. Wengi husahau kuuhesabu muda huo. Mwongozaji ni lazima. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo msitegemee kutoa noti getini, na kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa ili alipe kama Mtanzania.

Mzunguko wote tengeni muda wa saa nne hadi tano, pamoja na kupumzika na kuoga. Kule juu msitu ukifunguka mnaona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa hadi macho yachoke.

Majani_ya_Chai
Derema haina urefu huo, lakini Amani ni msitu wa kutazama taratibu. Ni hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, tangu 1997. Kuna vinyonga, kuna maua ya zambarau ya Saintpaulia yanayoota kwenye miamba yenye unyevu, na bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Anayekimbilia maporomoko tu anapita vitu vingi bila kuviona.

Tatizo la Amani ni barabara. Kutoka Muheza ni zaidi ya kilomita 30 za vumbi na kona za mlima, na mvua ikinyesha utelezi wake ni wa udongo mwekundu. Gari dogo la chini mliache Muheza, mpande basi.

Tabasamu_Jioni
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Tunatoka Dar, watu sita. Watoto wawili, miaka 6 na 9, na mama mkwe wangu ana miaka 62, anatembea vizuri ila goti moja linamsumbua akishuka. Tunalenga sikukuu ya Muungano, mwishoni mwa Aprili. Gari letu dogo.

Nyayo_Tatu
Goti la kushuka na mwezi wa Aprili ndiyo mambo mawili yaliyopaswa kuwa kwenye mstari wa kwanza.

Aprili ni kilele cha masika. Maji ni mengi, yanavutia, lakini mawe yote yana utelezi wa ukoga wa kijani na njia ya Sanje ni mwinuko wa mizizi. Kupanda siyo shida. Kushuka ndiko kunakoumiza goti, na fimbo moja haitoshi. Mama apewe fimbo mbili: wakati wa kushuka arefushe kwa sentimita 5 hadi 10, atangulize fimbo zote kabla ya mguu, na mguu wa goti bovu ndio ushuke kwanza.

Mlima_Kwanza
Kwa kundi hilo basi, njia ya poromoko la Prince Bernhard karibu na makao makuu. Ni fupi, watoto wanaimudu, na mbega wekundu wanaonekana humo humo. Wenye nguvu waende Sanje kesho yake, mama na mtoto wa miaka 6 wabaki.

Kinyesi_na_Konokono
Watoto wataoga? Na kichocho je?

Dawa_ya_Mto
Konokono wa kichocho anataka maji ya vuguvugu, yanayotembea polepole, yenye majani. Tena lazima watu wawe wanajisaidia karibu na maji hayo. Mabwawa ya juu Sanje yana maji baridi ya kasi na juu yake ni msitu usio na kaya. Hatari kubwa iko kwenye mifereji na madimbwi ya bondeni, huko msiwaingize watoto. Amani ni habari nyingine, kuna vijiji na mashamba ya chai kati ya msitu, baadhi ya vijito vimeshapita kwa watu. Maji ya kunywa yachemsheni, popote mtakapokwenda.

Majani_ya_Chai
Vijito vya Amani siyo vichafu hivyo.

Dawa_ya_Mto
Sikusema vichafu. Nimesema vimepita kwa watu.

Nyayo_Tatu
Kinachoua masika siyo kichocho, ni maji kupanda ghafla. Mkifika kwenye bwawa, chomekeni kijiti ukingoni usawa wa maji. Maji yakikipita, au rangi ikigeuka kama chai ya maziwa, au majani na vijiti vikaanza kushuka kwa wingi, tokeni wote mara moja. Mvua inaweza kuwa inapiga mlimani huku nyie mko juani. Msikae chini ya poromoko lenyewe, mawe madogo hutoka juu na maji. Kule juu msiogelee upande wa mdomo wa poromoko, hata maji yakionekana yametulia. Na mahali pa kuvuka, kama huoni miguu yako ndani ya maji, usivuke.

Fundi_Soli
Hakuna aliyeuliza viatu, na ndivyo vinavyoharibu safari nyingi.

Kundi la watu tisa lilipanda Sanje, mmoja akiwa na buti nzuri za ngozi zilizokaa kabatini kama miaka sita bila kuvaliwa. Juu zinang'aa. Walipoanza kushuka, kisigino cha kulia kikaanza kutoa unga mweusi, baada ya muda mfupi soli yote ikabanduka, na ya kushoto ikafuata kabla hawajafika nusu ya njia. Siyo gundi iliyoachia. Sponji ya kati ya buti nyingi ni poliyurethani (aina ya plastiki), na unyevunyevu wa hewa huivunja taratibu hata kiatu kikiwa hakitumiki. Kikivaliwa mara kwa mara huchelewa kufa. Zote mbili zina umri mmoja, ndiyo maana hufa siku moja. Walifunga kwa kamba ya manila, ikakatika kwenye mawe mara tatu. Mwenye buti alimalizia kwa soksi mbili mbili, na kundi zima likatoka msituni giza limeshaingia, na tochi moja.

Jaribuni nyumbani: bonyezeni sponji kwa kucha, ikibaki na shimo au kutoa vipande, tupeni. Kisha tembeeni kilomita 5 nazo kabla ya safari. Dharura, utepe mpana wa gundi uzungushwe katikati ya unyayo na juu ya vidole, kiatu kikiwa kimekaushwa kwanza, wala siyo kamba.

Majani_ya_Chai
Gambuti zinatosha Amani. Wenyeji wanazivaa.

Fundi_Soli
Kwenye tope la shambani sawa. Mtoni, maji yakiingia kwa juu umevaa ndoo mbili. Na mguu unateleza ndani, kushuka kunaua kucha za vidole gumba. Raba yenye meno ya milimita 4 au 5, inayopitisha maji na kuyatoa, iliyozidi kidogo ili vidole visigonge mbele. Soksi zisiwe za pamba. Kucha zikatwe siku mbili kabla.

Mlima_Kwanza
Katambuga?

Fundi_Soli
Mkanda ukishalowa unyayo unazunguka. Mtoto wa miaka 6 asivae.

Dawa_ya_Mto
Suruali ziingizwe kwenye soksi, kuna siafu. Na watoto wafundishwe kutogusa maganda yenye manyoya ya kahawia, upupu hautoki kwa maji.

Tabasamu_Jioni
Nashukuru sana wakuu. Mama anasema Amani kwa ajili ya maua, watoto wanataka Sanje. Tukisogeza hadi Saba Saba, maji yatakuwa bado yapo?

Mlima_Kwanza
Yapo, na njia imekauka. Sanje haikauki.

Majani_ya_Chai
Julai Amani kuna baridi na ukungu asubuhi, bebeni sweta. Mvua kule haina mwezi wa likizo.

Nyayo_Tatu
Kabla ya kulipia, hizo fimbo za mama ni za kukunja au za kipande kimoja?