Ule mti wa maua ya njano korongoni

Mama Neema: Shikamoo Mzee Kilindi, na salamu kwa majirani wote. Mti uliochanua maua ya njano kando ya korongo nimekuwa nikiuita mjohoro tangu tulipohamia hapa, na nimekwisha kuotesha miche yake mitatu kwenye makopo kwa ajili ya kivuli cha uani, lakini mwanangu anashikilia kwamba si mjohoro.

Mzee Kilindi: Marahaba, mama. Maua peke yake hayatoshi, kwa kuwa mjohoro, mwingajini na mti huo wote ni wa jamii ya mikunde, wote wametoka ng'ambo, na maua yao ya njano yana petali tano zilizokunjuka, tofauti na marejea ya huku kwetu, ambayo ua lake limejifumba kama la kunde. Tafadhali okota tunda kavu, ulivunje, kisha utueleze ulichokiona.

Fundi Juma: Mwingajini tuuondoe, mzee. Ule ni kichaka tu, na jani lake ukilifikicha linanuka vibaya.

Mama Neema: Nimelivunja. Ni refu kupita kiganja changu, la mviringo kama penseli nene, na ndani kila mbegu imelala katika chumba chake, mithili ya sarafu zilizopangwa kwenye bomba.

Mzee Kilindi: Basi mwanao yuko sahihi. Tunda la mjohoro ni bapa na kingo zake ni nene. Tena majani yake madogo yana ncha butu, ilhali ya mti huu yamechongoka. Wataalamu huuita Senna spectabilis, na asili yake ni Amerika ya kitropiki. Huko Mahale, kwenye hifadhi ya sokwe, uliletwa kama pambo, ukaishia kuvamia msitu.

Fundi Juma: Kumbe! Mwaka jana niliukata mmoja nyuma ya banda langu, na sasa kisiki kimetoa machipukizi mengi kuliko matawi ya awali.

Mzee Kilindi: Ndiyo tabia yake, fundi. Mahale walibandua gome kuuzunguka mti mzima, ukakauka polepole ukiwa umesimama.

Mama Neema: Na miche yangu, mzee?

Mzee Kilindi: Ing'oe na mizizi yake, mama. Mbegu za mjohoro wa kweli nitakuletea Jumamosi, nikija na panga kulimenya lile gome la korongoni.