Programu ya kuondoa msimu inaijua Pasaka, Ramadhani na Idi mjitegemee!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naisema. X-13ARIMA-SEATS, programu ya Idara ya Sensa ya Marekani inayotumiwa na watakwimu wa nchi nyingi kuondoa msimu (yaani kutoa kwenye data mabadiliko yanayojirudia kila mwaka ili mwenendo halisi uonekane), inatuonea sisi ambao data zetu zinafuata mwandamo wa mwezi.

Ukitaka kuondoa athari ya Pasaka, unaandika easter[8] (8 ni idadi ya siku kabla ya Pasaka) kwenye faili la maelekezo, basi. Tarehe za kila mwaka inazijua yenyewe. Ramadhani na Idi je? Hakuna! Ukusanye tarehe mwenyewe, uzipitishe kwenye programu nyingine iitwayo genhol, utoe faili la vigezo (namba za kila mwezi zinazoonyesha sikukuu imeangukia wapi), ndipo urudi kuliunganisha. Na vigezo visipofika mpaka mwisho wa kipindi cha utabiri, kazi inagoma.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaojibu "acha tu, vichujio vitamaliza". Vichujio, yaani wastani unaosogea ambao programu inautumia kukadiria msimu, vitamaliza nini? Pasaka haitoki nje ya Machi na Aprili. Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka na kuizunguka miezi yote kwa miaka kama 33. Angalieni Idi el-Fitri: 2020, 2021 na 2022 iliangukia Mei (na 2020 ilikuwa na korona juu yake, hapo ndiyo balaa kabisa). Mauzo ya rejareja yakipanda Mei miaka mitatu mfululizo, wastani unaosogea unaanza kuamini kwamba huo ndio msimu wa Mei. 2023 Idi ikaingia Aprili. Sasa Aprili iliyorekebishwa inaruka, Mei inaporomoka, na mchumi anaandika kwamba matumizi ya kaya yamedorora. Hakuna kilichodorora, sikukuu imehama!

X-11, babu wa X-13, ilitoka 1965. Statistics Canada wakaongeza utabiri wa ARIMA (mbinu ya kutabiri kwa kutumia data zilizopita), Benki ya Hispania ikaleta SEATS (njia nyingine ya kutenganisha msimu), vyote vikapata nafasi ndani ya X-13. Kalenda ya Hijria ndiyo imekosa? Mwandamo hutofautiana siku moja kati ya nchi na nchi, sawa. Wekeni tarehe za kukokotoa, mtumiaji arekebishe za kwao.

Mwenye faili la Ramadhani na Idi zote mbili, lenye tarehe za miaka ijayo, aliweke hapa. Aseme pia amehesabu siku ngapi kabla ya Idi. Kwa rejareja naona siku za mwishoni mwa mfungo ndizo zenye uzito, ila kwa viwanda, saa za kazi zikipunguzwa, mwezi mzima unahusika.