Nina BRCA1, si bora nipimwe damu kila mwaka kuliko kutolewa ovari?

MamaZuu
Habari zenu wapendwa, naomba mawazo manake kichwa kimejaa. Niko Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Mama alifariki Tanga kwa kansa ya ovari, walimtibu vidonda vya tumbo miezi na miezi kumbe tumbo linajaa maji, na mama mdogo naye ikamshika titi. Basi huku nikapelekwa kupimwa jeni, majibu BRCA1, yaani jeni ya kurithi yenye hitilafu inayoleta kansa ya titi na ovari. Nna miaka 36, mtoto mmoja, na tunataka wa pili. Daktari ananiambia ovari na mirija vitoke kabla ya 40. Nikamuuliza si kuna kile kipimo cha damu cha CA125, protini inayopanda mtu akiwa na kansa ya ovari, nipimwe kila mwaka, wakiona kitu ndo wanitoe? Akasema haishauriwi. Sasa nchi ya watu yenye mashine zote hizi inashindwaje kuikamata mapema, au ni ubahili tu?

binti_chumbageni
Pole shoga yangu. Angelina Jolie, yule mwigizaji wa Marekani, naye ana BRCA1, 2015 akatoa ovari na mirija na CA125 yake ilikuwa kawaida, na mama yake alikufa na hiyohiyo. Mwenye hela zote zile hakusubiri.

Nesi wa Zamu
Sio ubahili mdogo wangu, walishajaribu. Walichukua wanawake zaidi ya laki 2 hapa Uingereza, kuanzia 2001, wote wameshakoma hedhi, majibu ya mwisho yakatoka 2021. Waliopimwa damu kila mwaka kansa nyingi zaidi zilikutwa mapema, ila makaburi hayakupungua.

Haya, wale walikuwa wanawake wa kawaida. Kwa nyie wenye familia zenye kansa kulikuwa na utafiti mwingine, wanawake 4,348, damu kila miezi 4 kwa sababu mwaka mzima kwa kansa hii ni mrefu mno. Na hawaangalii kile kikomo cha maabara cha CA125, yaani 35, peke yake, wanaangalia namba yako inavyopanda, manake mtu siku zote ana 10 leo kafika 28, karatasi inasema salama na kumbe kwake ni kengele. Zilipatikana kansa 19 wakati wa kupimwa au ndani ya mwaka mmoja tangu kipimo cha mwisho, 7 ndo zilikuwa zimesambaa sana tumboni. Zilizokuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuacha kupimwa zilikuwa 18, na 17 zimesambaa.

Najua utasema si ndo hiyo sasa, nipimwe! Lakini utafiti ule haukuwekwa kuonyesha kama watu wanaishi zaidi, na kuikuta mapema sio lazima upone. Nyingi za aina hii zinaanzia kwenye ncha ya mrija, kadoa ambako ultrasaundi haikaoni na damu haijashtuka. Na BRCA1 sio mchezo, ni kama wanawake 44 kwa 100 wataipata mpaka wakifika 80.

mzee_wa_busara88
Mmh madaktari wa huku kisu kiko mkononi muda wote. Mke wangu ana BRCA2, jeni ndugu ya BRCA1, alikataa operesheni, NHS (hospitali za serikali huku) wakamuweka kwenye mpango wao wa majaribio wa miezi 4 miezi 4, yupo anadunda.

Nesi wa Zamu
Shemeji huo mpango ulikuwa wa wanaochelewesha operesheni, sio wa kuikwepa. Halafu BRCA2 wanaweza kusubiri kidogo, 40 mpaka 45. MamaZuu zaa kwanza, ila panga na daktari mapema. Muulize na utafiti wa PROTECTOR, pale unaanza kutoa mirija, ovari baadaye, ili usiingie kukoma hedhi ghafla. Bado wanachunguza kama inatosha.

MamaZuu
Asante sana dada, sasa naona mwanga. Nna faibroidi pia, inaingiliana?

Nesi wa Zamu
Sana tu. Faibroidi, mimba, hata hedhi yenyewe vinapandisha CA125, ndo maana kwa vijana inadanganya zaidi. Ila usikae na haya peke yako, ndugu zako wa tumbo moja kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na jeni hii, na wanaume wamo, baba anampa binti yake vilevile.

MamaZuu
Kaka yangu Tanga ana mabinti watatu. Na yeye mpaka leo anajua mama alikufa kwa vidonda vya tumbo. Hiyo simu naianzaje jamani?