Naomba ushauri: stendi za baiskeli sokoni kwetu, Temeke

Wakuu, habari. Kamati ya soko imenikabidhi kazi ya stendi za baiskeli, na nataka zidumu. Fundi wa kuchomelea anataka zile za kubana tairi la mbele tu. Sizikubali hata kidogo: baiskeli ikisukumwa rimu inapinda, na mwizi akifungua tairi anaondoka na fremu nzima. Naona bora bomba lililokunjwa kama U iliyopinduliwa, kimo sentimita 75 hivi, mnyororo ushike fremu na tairi pamoja. Nafasi ya mita 1 kati yake itawatosha wabeba mkaa wenye keria pana? Kwa hii chumvi ya bahari, rangi inatosha au lazima zinki? Halafu, tuziweke getini mbele ya mlinzi, juani, au nyuma kwenye kivuli?